Nyumba ina X ya kijani, fidia haionekani mwaka wa tatu, na mume wangu anataka tuuze

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa nje kidogo ya mji wa Moshi, kando ya barabara kuu. Kazi yangu ni kushona. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi yangu, nina vyerehani viwili na meza ya kukatia. Nashona sare za shule, na zikipungua oda nafuata mitumba Kiboriloni, narekebisha na kuuza.

Nyumba tulijenga mwaka 2004 na baba watoto, kwenye kiwanja tulichonunua kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya kijiji. Hati hatuna. Mwaka 2012 tukaongeza frem mbili mbele, karibu zaidi na lami. Moja tuliipangisha saluni, nyingine fundi simu. Uani kuna vyumba vitatu vya wapangaji. Hatukuwa matajiri, ila kodi za vyumba zilisomesha watoto na cherehani ikalisha nyumba.

Mwaka 2022 walikuja watu wa mradi wa kupanua barabara. Frem zikachorwa X nyekundu, nyumba ikachorwa X ya kijani. Tukaambiwa nyekundu hailipwi, kijani inalipwa. Baadaye wakaja wathamini, wakapima vyumba, wakahesabu migomba na miparachichi, wakatupiga picha mimi na mume wangu tumeshika kibao chenye namba. Mume wangu akasaini fomu. Mahali pa kiasi cha pesa palikuwa wazi, na nakala hatukupewa. Tukaambiwa tusijenge wala tusipande kitu kipya, fidia iko njiani.

Sasa ni mwaka wa tatu Shangazi, na hakuna aliyerudi. Wapangaji waliokuwa wanalipa miezi sita kwa mkupuo sasa wanalipa mwezi mwezi, wanasema hawawezi kuweka hela mbele kwenye nyumba ya X. Vyumba viwili viko tupu. Dada wa saluni amehama. Niliomba mkopo SACCOS ninunue mashine ya ovaloki, nikaweka nyumba dhamana. Afisa wao alipofika na kuona ukuta hata chai hakunywa. Bati linavuja chumba cha watoto, lakini baba watoto hataki nipigilie hata msumari, anasema tutakuwa tunamwaga hela kwenye nyumba ya kubomolewa. Na kila mwezi nikinunua umeme, LUKU inakata 1,500 ya kodi ya jengo. Nauliza, wanatoza kodi jengo ambalo wao wenyewe wamelihukumu?

Mwezi uliopita amekuja bwana mmoja, anatoa milioni 20 taslimu, anasema mambo ya fidia atafuatilia mwenyewe. Mume wangu amekubali moyoni. Anataka turudi kwenye kihamba cha baba yake Old Moshi, yaani shamba la ukoo, ambacho wameshagawana ndugu wanne, na kipande chetu hakitoshi chumba na choo. Tumegombana mpaka watoto wamesikia. Ananiambia nimeng'ang'ania matofali.

Naomba unijibu. Tuuze? Kwa kuwa hatuna hati, hiyo fidia kweli tutaipata? Bati nitengeneze au niache? Halafu kuna mama mmoja anataka kupanga chumba cha uani, amepitia njia ya nyuma, X hajaiona. Nimweleze au ninyamaze? Nina shida sana na hiyo kodi, binti yangu anaingia kidato cha tano na hana hata godoro la kwenda nalo.

Mama Mshonaji, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa miaka hii yote.

Msiuze kwa huyo bwana. Naanza na hilo kwa sababu mauziano yanaweza kufanyika hata wiki hii, na yakishafanyika haya mengine yote hayatakusaidia. Mtu anayetoa milioni 20 taslimu kwa nyumba yenye X hana shida na nyumba. Anachokitaka ni madai yenu ya fidia, na anayataka kwa bei ya watu waliochoka.

Tazama hesabu anayoiona yeye. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, hazisemi ulipwe matofali tu. Zinataja thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, thamani ya jengo na mazao, posho ya usumbufu, na posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya makazi, yaani kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36. Na kwa mwenye biashara kuna faida ya mwezi mmoja mara 36. Chukulia nyumba ya aina yenu hapo mnapokaa ingepangishwa 150,000 kwa mwezi. Posho ya makazi peke yake ni 5,400,000. Chukulia kushona kunakuachia 200,000 kwa mwezi ukishatoa vitambaa, uzi na umeme. Hiyo ni 7,200,000. Tayari mko kwenye 12,600,000 na hakuna aliyehesabu tofali hata moja, wala kiwanja, wala miparachichi. Sasa mpe baba watoto kalamu, aandike mwenyewe thamani ya kiwanja na nyumba, ajumlishe, halafu aitazame tena ile milioni 20.

Na kama atashikilia kuuza, ajue hawezi kuuza peke yake. Hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usisaini karatasi yoyote ya ridhaa, na msisaini, wewe wala yeye, karatasi ya kumpa huyo bwana mamlaka ya kufuatilia fidia kwa niaba yenu. Picha ya wathamini ni yenu, namba ya kibao ni yenu. Atawahitaji mbele ya safari, na hapo ndipo watu wanapoletewa karatasi usiku.

Kuhusu rangi za X, walichowaambia ni kweli, lakini ni vizuri ujue kwa nini, maana mwenye sababu haogopi kusimama ofisini. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaisogeza mpaka mita 30. Ile tofauti ya mita saba na nusu ilimeza nyumba za watu waliojenga wakiwa nje kabisa ya hifadhi. Ndiyo maana watu husema wako waliofuata barabara na wako waliofuatwa na barabara. Nyumba yenu ni ya 2004, barabara imewafuata, na kijani maana yake serikali yenyewe imekiri hivyo. Wengi waliijua sheria ile siku rangi ilipofika ukutani, miaka mingi baada ya kupitishwa, na hilo linaniuma kila ninapoletewa barua kama yako. Sheria inayobadilisha ukubwa wa kiwanja cha mtu ilipaswa kumfikia mlangoni.

Frem za 2012 sitaki nikudanganye. Zilijengwa sheria ya mita 30 ikiwa tayari ipo, na ziko karibu zaidi na lami. Usizihesabie fidia. Zitumie kadiri zitakavyokaa, na usiweke hela mpya pale.

Kukosa hati kusikunyime usingizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya 1999, inaitambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Mnachohitaji ni ile karatasi ya mauziano, mashahidi waliokuwepo kama bado wapo, majirani wa mipaka, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayowatambua. Toeni nakala, na ile halisi isikae chumba kinachovuja. Zile risiti za LUKU zenye kodi ya jengo nazo zitunze. Si ushahidi wa umiliki, ila zinaonyesha kwamba serikali imeendelea kulitambua jengo na kulitoza miaka yote hii. Swali lako la 1,500 ni la haki kabisa, na jibu lake ni kwamba jengo litatozwa mpaka lilipwe na libomolewe. Kwa mtu ambaye vyumba vyake viko tupu kwa sababu ya rangi ileile ya serikali, jibu hilo halitoshi, lakini ndivyo ilivyo leo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye haki yako kubwa na watu wengi wanaipita. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeweka saa. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Miezi sita ikipita, inaanza kudaiwa riba. Na uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Ikipita bila malipo, unatakiwa kurudiwa kwa bei za wakati huo. Saa hiyo inaanza tarehe ya kuidhinishwa. Haianzi siku mliyopigwa picha, wala siku X ilipochorwa.

Kwa hiyo mkifika ofisini msiulize fidia yetu lini. Swali hilo lina jibu moja tu, vuteni subira, na mmeshalisikia. Ulizeni hivi: taarifa ya uthamini yenye namba yetu iliidhinishwa na Mthamini Mkuu tarehe ngapi, na kiasi gani? Kama iliidhinishwa zaidi ya miaka miwili iliyopita, mnaomba uthamini urudiwe. Kama haijafika miaka miwili, mnaomba malipo, pamoja na riba ikiwa miezi sita imeshapita. Kama haijawahi kuidhinishwa kabisa, basi mmejua kwamba miaka mitatu mmekuwa mkisubiri karatasi isiyotembea, na mnaomba kwa maandishi upimaji ufanywe upya kwa bei za leo au alama iondolewe ukutani kwenu. Huenda ndicho anachokijua yule bwana na ninyi hamkijui.

Ombi hilo liwe barua, na liwe la wengi. Si nyumba yako peke yake iliyochorwa. Waite majirani wa X ya kijani, andikeni barua moja yenye majina, namba za vibao na sahihi, ipitie kwa mwenyekiti na mtendaji wenu. Ipelekeni kwenye ofisi inayosimamia mradi, nakala kwa Mthamini Mkuu na kwa mkuu wa wilaya. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msiondoke bila muhuri, hata kama karani ni mpole kiasi gani. Ombeni pia nakala ya fomu ile aliyoisaini mumeo mahali pa kiasi pakiwa wazi. Na nakala nyingine mpelekeeni mbunge wenu, mapema, kabla Bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na fidia ambayo haikutengewa fungu huko haiwezi kulipwa na afisa yeyote wa mkoa, hata awe na huruma namna gani. Mbunge mwulizeni jambo moja: mradi huu umetengewa hela ya fidia au hela ya lami tu?

Mkikaa miezi bila kujibiwa, sheria inaruhusu kwenda Mahakama Kuu, na Moshi ipo kanda yake. Kuishtaki serikali kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Msiandike notisi hiyo wenyewe. Nendeni kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Lakini mimi ningejaribu barua ya pamoja kwanza. Kesi ni ndefu, na wewe una cherehani ya kukanyaga.

Niseme na hili, hata kama halikupi shilingi leo. Serikali ina haki ya kupanua barabara, na mimi naitaka barabara hiyo. Malori ya kwenda Holili na mabasi na bodaboda wote wanabanana pale, watu wanakufa. Ibara ya 24 ya Katiba haikatazi mali ya mtu kuchukuliwa kwa mujibu wa sheria. Inachokataza ni kuichukua bila fidia inayostahili. Lakini kuchora X kabla hela haijapangwa ni kumkopa mwananchi bila kumwuliza. Angalia wewe ulivyokopwa: kodi ya vyumba viwili, mpangaji wa saluni, mkopo wa SACCOS, usingizi wa watoto chini ya bati bovu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye jedwali la fidia. Kitu pekee kinacholipia kusubiri ni riba, nayo inahesabiwa kwenye kiasi kilichoidhinishwa, haihesabiwi kwenye chumba kilichokaa tupu. Ndiyo sababu nakusukuma uitafute hiyo tarehe. Kila mwezi unaopita bila mtu kuiuliza, gharama ya ucheleweshaji unailipa wewe.

Bati tengeneza, tena kabla ya masika. Mliambiwa msijenge kipya, na ni kweli kwamba chumba kipya au ukuta mpya baada ya uthamini hautalipwa. Kuziba paa si kujenga. Mkipata uthamini mpya, mthamini ataikuta nyumba ilivyo siku hiyo, na nyumba iliyooza itathaminiwa kama nyumba iliyooza. Mwambie baba watoto hivyo. Piga picha kabla na baada, weka risiti ya mabati.

Na kuanzia leo uwe na daftari la kazi yako. Kila sare, kila shati la mtumba ulilorekebisha, kilichoingia na kilichotoka. Ile faida ya mara 36 hailipwi kwa maneno. Mwenye biashara anaweza kudaiwa hesabu zilizokaguliwa pale inapolazimu, na fundi asiye na karatasi yoyote huandikiwa sifuri na kuambiwa asaini. Leseni au kitambulisho chako cha biashara, stakabadhi za kodi ulizolipa, oda za shule zenye muhuri, vyote viweke pamoja na lile daftari.

Ovaloki usiitafutie dhamana ya nyumba kwa sasa. Jiunge na mafundi wenzako mtengeneze kikundi, muombe ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Haina riba, na haiulizi ukuta wako una rangi gani. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024, kwa hiyo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukajue masharti ya sasa. Binti yako ada ya kidato cha tano hadaiwi, ilifutwa mwaka 2022. Vya kutafuta ni godoro, sanduku, nauli na michango, na hivyo vinaweza kutoka kwenye oda mbili tatu za sare ukianza kuzisaka sasa hivi.

Kuhusu mumeo, mwanangu, usimsomee barua hii kama hukumu. Mwanaume aliyejenga nyumba kwa mikono yake halafu akaambiwa asiiguse, miaka mitatu anaiona inavuja, anafika mahali anataka iondoke machoni pake. Hakuchukii wewe wala matofali. Mpe kazi ya kufanya. Yeye ndiye aliyesaini ile fomu, basi yeye ndiye aongoze majirani kwenda kuiulizia tarehe. Na kuhusu Old Moshi, kabla ya kuhamisha hata kiti, aende akae na ndugu zake waonyeshane kwa mguu chumba kitasimama wapi na choo kitachimbwa wapi. Nadhani akishakanyaga pale mazungumzo yenu yatabadilika. Fidia ikitoka, iingie akaunti ambayo wote wawili mnasaini, na hela ya kwanza inunue kiwanja kilichopimwa, mbali na hifadhi yoyote, kabla haijaonekana na wajomba.

Yule mama anayetaka chumba cha uani mpeleke mbele, mwonyeshe X kwa macho yake. Naijua shida yako, lakini naye ana watoto na anatoa akiba yake, na wewe ndiye unayejua vizuri kuliko mtu yeyote hapo mtaani maana ya kufichwa habari ya nyumba unayolala. Akikubali kuingia, andikianeni mkataba: kodi ya miezi mitatu na si sita, akipewa notisi ya kubomoa unamrudishia kodi ya miezi ambayo hajakaa, na wewe utamwarifu siku ileile utakayopata taarifa yoyote kutoka kwa watu wa mradi. Mpunguzie kidogo bei. Mwenyekiti ashuhudie, kila mmoja abaki na nakala yake.